Makorongo ya Kulipia

Huko Kyoto, Japani, kuna watu wazima wanaoamka asubuhi, wakanywa chai, wakapanda treni kwenda kazini, na kazi yenyewe waliyoajiriwa ni kutengeneza barabara mbovu. Si kuitengeneza mbovu ikawa nzuri, la. Wanaanza na kiwanja safi kisicho na kosa, mmoja anainua tuta, mwenzake anachimba bonde, wa tatu anamwaga vumbi, kisha mkubwa wao anapita nyuma ya viti anasema bado hairushi vya kutosha, ongezeni. Mwisho wa mwezi wanalipwa. Mimi mtaani kwetu Mikanjuni nina barabara ya namna hiyo hiyo mlangoni, imechongwa na mvua za masika bila mshahara wala posho, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nimekalia mali.

Kampuni yenyewe ni Nintendo na mchezo unaitwa Mario Kart. Kwangu umeingia kwa njia ya Maskati. Dada yangu anaishi huko, na wanawe wawili wanasoma hapa Tanga na kulala kwangu. Alipokuja likizo alishusha halwa, udi, mablanketi mazito ya manyoya ambayo Tanga hatujapata usiku wa kuyafunika, na mashine ya gemu. Vijana wengi wa mjini gemu wanalolijua ni la mpira, lile la vibandani unalolipia kwa muda. Wapwa zangu wao wamepewa magari. Vigari, tuseme. Vidogo, vya wazi, dereva kichwa nje, kobe anakimbizana na binti mfalme, nyani anamgonga mtoto mchanga kwa nyuma, na hakuna aliyevaa mkanda.

Ningewaachia wakimbizane. Zipo barabara nyingi humo: za ufukweni, za theluji, za upinde wa mvua. Lakini wapwa zangu wamezipita zote hizo wakaenda kupenda uwanja wa udongo. Kutwa kucha udongo. Sebule nzima inanguruma, na nikichungulia naona jukwaa limejaa watu, taa kubwa zinawaka, na katikati, pale ambapo mtu mwenye akili angepanda nyasi akaweka magoli mawili, pamevurugwa kwa udongo mwekundu, tuta juu ya tuta.

Uwanja ule ni mali ya bwana mmoja mnene mwenye kofia ya njano na masharubu yaliyokunjamana, jina lake Wario. Swali langu la kwanza lilikuwa kiwanja alikipataje, maana sura yake si ya mtu aliyefuata foleni ya hati. Wapwa wakaniambia ni wa siku nyingi. Kumbe kweli. Mario Kart ya kwanza ilitoka mwaka 1992, na mwaka 1996 ilipokuja ile ya Nintendo 64 uwanja wa Wario ukawemo, na vumbi lake na skrini yake kubwa. Mwaka 2003 rafiki yake Waluigi, mrefu mwembamba wa kofia ya zambarau, naye akaibuka na uwanja wake wa udongo, akauongezea pete za moto na mimea yenye meno. Mwaka 2005 Wario akajenga mwingine. Nchi nzima ile ina watu wema: kuna mfalme, kuna binti mfalme, kuna mafundi bomba wawili wanaookoa watu. Viwanja vyote hivi vya matope wanavimiliki wale wawili ambao hakuna anayewasifu. Mimi sisemi kitu. Nimetaja tu mpangilio wa mali.

Sasa lililonikera hasa ni kanuni za udongo wenyewe. Katika barabara nyingine za mchezo huo, ukitoka kwenye lami ukaingia kwenye majani au vumbi, gari linakuwa zito, linasuasua, wenzako wanakupita. Hapo sawa, hayo ndiyo maisha. Lakini ukiingia kwa Wario, vumbi ndiyo barabara na gari linakwenda mbio vilevile. Halafu kuna matuta. Mimi nilidhani tuta ni adhabu. Kumbe kule ukifika kilele cha tuta ukabonyeza kitufe kwa wakati wake, dereva anaruka juu, anajipinda kwa madaha, na akitua anapewa kasi zaidi ya aliyokuwa nayo. Kasi zaidi! Tuta linamlipa! Mimi nikiliparamia tuta la pale kwenye kona ya msikiti nikiwa nyuma ya bodaboda, ninachopewa ni maumivu ya kiuno ya wiki nzima, na dereva anapewa bili ya shokapu. Hakuna hata mmoja kati yetu anayejipinda kwa madaha. Abiria wa Tanga akirushwa juu anashika vitu viwili: kofia na shahada.

Na hakuna mwiba. Katika udongo wote ule hakuna anayepata pancha. Hakuna fundi aliyekaa chini ya mwembe na beseni la maji machafu, anazamisha tyubu kutafuta mapovu huku anakuhadithia habari za Coastal Union. Maganda ya ndizi yapo, hilo nawasifu wamefanya utafiti, ingawa kwa upande wetu msimu wa machungwa ya Muheza ukifika ganda linaloangusha watu ni jingine. Trafiki hayupo. Ng'ombe wapo kwenye barabara nyingine, nimeonyeshwa, lakini uwanjani hawaingii. Na vumbi lenyewe halishiki nguo. Mtoto anazunguka mara tatu kwenye udongo mwekundu, anashuka kwenye kigari chake, ovaroli yake inang'aa. Hilo lilimuudhi mke wangu kuliko mimi. Yeye ndiye anayefua kanzu nyeupe za Ijumaa za watu wanaorudi kwa miguu.

Siku moja, basi, sukari ilikwisha. Nikamwambia mpwa wangu mkubwa achukue baiskeli aende dukani, si mbali, nyuma ya shule.

"Mjomba, njia ile mbovu."

Alisema hivyo macho yake hayajatoka kwenye skrini, na kwenye skrini alikuwa anapaa juu ya lundo la tope, chini yake nguzo za moto zinazunguka.

"Mbovu vipi, na wewe hapo unafanya nini?"

"Hapa ni uwanjani, mjomba. Kule kuna mashimo."

Nikamwambia hata hapo naona mashimo. Mdogo wake, ambaye bado meno ya mbele hayajaota, akanisahihisha kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa: "Hayo si mashimo, mjomba. Hiyo ndiyo laini." Sukari nikaenda kuifuata mwenyewe. Njiani nilijaribu kuiona hiyo laini. Niliona shimo, maji ndani ya shimo, na bata ndani ya maji.

Niliporudi wakanipa rimoti kwa huruma. Mtu mzima unakubali ili wasiseme unaogopa. Nikachagua mnyama mzito nikidhani uzito ni utulivu. Taa zikawaka, tukaondoka, na kabla sijajua kitufe cha breki kiko wapi nilikuwa nimegeukia tulikotoka. Akashuka kobe mmoja anayeelea angani, kavaa miwani, akanionyesha kibao kwamba unarudi nyuma, mzee. Nikageuka. Kwenye mruko wa kwanza nikatoka nje ya uwanja kabisa, na kobe yule yule akaja na mshipi wake akaniopoa juu kama changu wa Sahare, nining'inie mbele ya jukwaa zima, kisha akanitua barabarani bila kunipa pole. Nimezaliwa mwambao. Nimevua. Sikutarajia nivuliwe, tena na kobe, tena kwenye nchi kavu.

Mdogo akaniambia kuna dawa. Akaingia mahali, akabonyeza, na kigari changu kikaota antena nyuma. Maana ya antena, nikaelezwa, ni kwamba gari sasa linajiongoza, nisihangaike, niwe nashika tu. Kweli sikuanguka tena. Nilipita kwenye makona yote vizuri, nikaruka, nikatua, nikamaliza wa mwisho. Nina leseni ya udereva ya Jamhuri ya Muungano, na mtoto asiye na meno amenifungia antena.

Habari hii niliifikisha barazani, kwenye kahawa na kashata, nikitegemea kupata watu wa kunung'unika nao. Baraza likagawanyika. Kijana mmoja wa bodaboda akataka kujua kama kuna njia za panya. Nikamwambia nimesikia zipo: katika ule uwanja wa mwaka 1996 wachezaji waligundua kwamba ukiruka mahali fulani karibu na mwanzo unavuka ukuta, unakata karibu mzunguko mzima. Akatikisa kichwa kwa heshima. Nikamwambia pia kuna mruko mkubwa katika uwanja huo, na mwenzako akikupiga radi ukiwa hewani unakuwa mdogo, unaporomoka kwenye sehemu uliyokwishaipita, unaanza kuisaka upya. Akasema hiyo si gemu, hiyo ni kupeleka mteja Pongwe halafu anakwambia kasahau simu nyumbani.

Lakini mzee mmoja aliyekuwa akiendesha trekta kwenye mashamba ya mkonge upande wa Korogwe hakuona cha ajabu. Akaweka kikombe chini. Wajapani, akasema, wamechelewa. Kwetu wazungu walikuwa wanakuja wenyewe kutafuta tope, tena kila Pasaka.

Na hapo, lazima nikiri, mzee ana hoja. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Watu walichukua magari ya kawaida, yale ya kupelekea watoto shule, wakayatia kwenye tope jekundu katika msimu wa mvua, kwa hiari yao. Milima ya Usambara ilikuwa sehemu ya njia. Mzee anasema walisimama kando ya barabara na majembe, kwa sababu kila aliyezama alihitaji kusukumwa, na msukumo ulikuwa na bei. Mwaka 1968 yaliondoka magari zaidi ya 90, yakamaliza 7. Saba! Miaka mitano nyuma, mwaka 1963, yalimaliza saba vilevile, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Katikati hapo, mwaka 1966 na 1967, akashinda Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, naye na Peugeot 404. Mzee akiitaja Peugeot 404 anaivua kofia. Hakuna kobe aliyeshuka na mshipi. Ukizama, umezama, mpaka waje watu wa kijijini na jembe na bei yao.

Mwaka 1972 mashindano hayo yaliondokea Dar es Salaam na kuishia hapo hapo, na Hannu Mikkola kutoka Ufini akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda, kwa Ford Escort. Nautaja mwaka huo kwa sababu. Mwaka huo huo, Julai, kule Los Angeles, Wamarekani walichukua uwanja wao mkubwa wa Coliseum, uwanja wa Olimpiki wa mwaka 1932, wakajaza udongo wa malori na malori, wakaulundika matuta, na kuwaita watu wakate tiketi waone pikipiki zinaruka. Akashinda mtoto wa miaka 16, Marty Tripes. Mchezo huo ukashika moto, ukawa wa kila mwaka, na hivi viwanja vya akina Wario vyote ni wajukuu wake. Nintendo wenyewe walikwishauchora mwaka 1984 kwenye gemu la pikipiki la Excitebike, na mwaka 2014 wakaugeuza uwanja wa Mario Kart, ambamo kila ukiingia unakuta matuta yamehama. Hilo la matuta kuhama ndilo lililowachekesha sana barazani. Wanafikiri wamevumbua.

Kwa hiyo hebu tutazame hesabu. Mwaka 1972 upande mmoja wa dunia watu wanasafirisha udongo kwa malori kuupeleka uwanjani. Upande wa pili, watu wanasafirisha magari kwa meli kuyapeleka kwenye udongo. Sisi tuliokuwa tumesimama juu ya udongo wenyewe tukapata pesa ya kusukuma. Laiti mtu angemshika mzee bega siku ile pale Korogwe akamwambia, usisukume, zungushia ukuta, jenga jukwaa, kata tiketi.

Nimefuatilia na jambo jingine, maana mtu akishaanza kunung'unika vizuri hupata nguvu ya kusoma. Mwaka 2019 Nintendo walitoa Mario Kart ya simu, wakaanza kuchora barabara za miji ya kweli. New York wameichora. Tokyo, Paris, London, Berlin, Sydney, Singapore, Bangkok, Amsterdam, mpaka Vancouver. Afrika nzima hawakuona mji. Tanga, mji uliotandazwa tambarare Mungu akijua kabisa tutapenda baiskeli, mji wenye barabara za Ngamiani zilizopewa namba ili mgeni asipotee na bado anapotea, hawakuuona.

Ningewapa ramani bure. Wangechukua barabara ya Tanga kwenda Pangani, kilomita 50, jinsi ilivyokuwa kabla ya lami. Unaondoka mjini, unapita Tongoni penye magofu, vumbi linaanza kuingia ndani ya basi kupitia mahali usipopajua. Kigombe, mkonge kushoto na kulia, mistari imenyooka mpaka macho yanauma, na katikati ya mistari hiyo iliyonyooka barabara pekee ndiyo haikunyooka. Rasta za asili, mchirizi baada ya mchirizi, mpaka meno yanagongana na huwezi kumaliza salamu uliyoianza. Abiria wa kiti cha nyuma walikuwa wanaruka wote pamoja na kutua wote pamoja, kuku nao. Kisha Mto Pangani, na hapo mashindano yote yanasimama: kivuko kiko ng'ambo, Bweni. Aliyekuwa wa kwanza na aliyekuwa wa kumi na mbili wananunua muhogo wa kuchoma kwa mama mmoja. Waoneshe Wajapani barabara hiyo. Hakuna radi wala gamba la kobe la buluu litakalomkomesha anayeongoza kuliko kivuko kilicho ng'ambo.

Lakini sasa imetiwa lami. Mto nao unawekewa daraja. Ninashukuru, kiuno changu kinashukuru, wajawazito wanashukuru, na msinielewe vibaya kwamba natetea vumbi. Nasema tu kwamba wenzetu hawatupi kitu. Uwanja wa Waluigi wa mwaka 2003 waliufufua mwaka 2008, wakaufufua tena mwaka 2023. Ule wa Wario wa mwaka 2005 wapwa zangu wanaucheza leo kwenye mashine ambayo haikuwepo ulipochorwa. Kila tuta limetunzwa, limepakwa rangi, limepewa taa. Sisi barabara ya Pangani ya zamani haina hata picha yenye heshima, zaidi ya zile za simu zenye kidole cha mpigaji pembeni.

Mpwa mkubwa alinisikiliza hotuba hii yote, nilidhani imemwingia, kisha akauliza kama njia ya Pangani ingekuwa kwenye gemu, basi lingekuwa linaruka au haliruki. Nikamwambia lilikuwa linaruka bila kubonyezwa. Akasema basi hilo lina kasoro, lazima ubonyeze.

Juzi dada kapiga simu. Anakuja tena, na safari hii analeta mashine mpya, Switch 2, na Mario Kart iliyotoka Juni mwaka 2025, wanashindana 24 kwa mpigo. Wapwa wakapiga kelele, wakamnyang'anya mama yao salamu, wakauliza swali moja tu: uwanja wa Wario umo? Umo. Umejengwa upya. Mkubwa kuliko zamani.

Nikaomba simu, nikamwambia dada, kwa kuwa anakuja na mzigo, aniletee tyubu za baiskeli ya Phoenix, inchi 28, maana za hapa zinanikataa. Akacheka, akasema kaka, nikuletee tyubu kutoka Maskati, watu hawatanishangaa uwanja wa ndege? Halafu akasema mzigo umejaa, kuna mablanketi.